Imepokelewa, Mwenyekiti

Karani wa masijala alihama mtaani siku ya Jumamosi saa nne asubuhi, saa ambayo watu wote wako barazani, kwa sababu kwake kuhama bila kuonekana kulikuwa hasara tupu. Lori alilokodi lilikuwa kubwa kuliko vyombo vyenyewe. Kabati moja, vitanda vitatu, cherehani ya mkewe na mabegi manne vilijikunyata kwenye kona moja ya lori, na karani akasimama mbele yake amevaa tai, Jumamosi, akiwaelekeza wapakizi waliokuwa wamekwisha kumaliza kupakia.

"Tunakwenda viungani," alimwambia kila aliyeuliza, na asiyeuliza pia. "Wala si mbali. Dakika ishirini na tano tu."

Dakika hizo alizipima Jumapili. Nyumba alikwenda kuitazama mara nne kabla ya kuipanga, na mara zote nne alikwenda Jumapili alasiri, wakati barabara imelala. Mtu aliyeshinda ofisini miaka kumi na tisa hakukumbuka hata mara moja kwamba kazini watu huenda Jumatatu.

Sababu aliyoitangaza ilikuwa kifua cha binti yake. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana ilimfaa sana kujifichia. Vyumba vyao viwili vilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, na ubavuni alikuwapo fundi wa kuchomelea vyuma. Vumbi la mashine liliingia dirishani, moshi wa fundi ukaingia mlangoni, na mtoto wa miaka kumi na miwili akakohoa katikati. Choo kilikuwa cha kaya tano na kitasa chake kilikuwa msumari. Hakuna haja ya kuusifia mtaa ule. Wanaousifia ni wale waliokwisha kuuhama.

Lakini kifua hicho kilianza kukohoa mtoto akiwa na miaka minne, na karani hakuhama. Alihama baada ya kusikia kwamba Mkuu wa Idara anakaa viungani, barabara ya tatu kutoka kwenye nyumba iliyokuwa na kibao cha "Inapangishwa". Tangu hapo alikuwa akijiona, hasa anaponyoa ndevu, akimpungia Mkuu wa Idara mkono kutoka getini kwake. Kwa ajili ya mkono huo alilipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, akamaliza akiba yake na ya mkewe.

Mkewe, fundi wa cherehani mwenye wateja wake na ulimi wake, naye si malaika. Siku alipopelekwa kuiona nyumba aliivuta droo moja ya jikoni, ikatoka bila kukwama. Akaivuta tena. Swali la wateja wake watamfuata vipi huko lilimtoka kichwani palepale, likarudi baada ya miezi miwili.

Aliyeuliza swali la maana ni mmoja tu, nako ni kwa sababu hakuweza kuona droo wala geti. Bibi, mama mzazi wa karani, alikuwa amepofushwa na presha ya macho miaka sita iliyopita. Pale mtaani hakuongozwa na mtu. Mashine ya kusaga ikiwa kulia kwake alijua anaelekea dukani kwa muuza sabuni, shoga yake wa miaka mingi, ambako pia hununua ugoro. Nyundo ya fundi vyuma ikiwa mbele, anarudi nyumbani. Akikosea hatua mbili, mtu humpigia kelele, "Bibi, shimo!" na matusi mawili juu kwa kumshtua. Basi hivyo alitembea, na hakuanguka hata siku moja.

"Huko tunakokwenda kuna nini?" alimwuliza mwanawe akiwa amekwisha kupakiwa kando ya dereva.

"Kuna utulivu, Mama."

"Utulivu nitaupata kaburini. Nimeuliza kuna nini."

Karani alicheka kwa sauti ili barazani wajue kwamba mama yake ni mcheshi, akafunga mlango wa lori.

*

Viungani palikuwa na kuta. Nyuma ya kuta palikuwa na nyumba, na nyuma ya mapazia ya nyumba hizo palikuwa na watu, kama simu zao zilivyothibitisha. Wakazi wale hawakusalimiana barabarani, kwa kuwa barabarani hawakuwapo. Walisalimiana kwenye kundi la simu, lililoongozwa na mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mstaafu aliyekosa mtu wa kumwamuru nyumbani kwake, kwa hiyo akaamuru barabara saba. Alianza kuandika kabla jua halijachomoza. Takataka zitolewe Alhamisi. Kuku hawaruhusiwi. Biashara za nyumbani haziruhusiwi. Wageni waandikishwe kwa mlinzi wa geti kuu.

Karani alizijibu zote, na alizijibu wa kwanza. "Imepokelewa, Mwenyekiti." Neno hilo lilikuwa kwenye vidole vyake kwa desturi ya kazi. Kule masijala, barua ikifika, aliigonga muhuri wenye neno IMEPOKELEWA na tarehe, akaitupa kwenye trei. Hakuisoma. Kusoma ni kazi ya wakubwa, na yeye alijivunia kwamba hajawahi kujua barua inasema nini. Mwaka alioajiriwa aliuleta muhuri ule nyumbani kwa siri, mama yake akiwa bado anaona, akamgonga nao mkononi. Mama alizunguka mtaa mzima akionyesha kiganja, na kwa siku mbili alikataa kukiosha. "Mwanangu amepokelewa serikalini," alikuwa akisema, na watu wakampongeza.

Nyumba yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa na vyumba vitatu, maji yalitoka bombani na choo kilikuwa ndani. Namba yake, kumi na nne, ilibandikwa getini kwa shaba. Kasoro ni kwamba siku za kazi ilikuwa mwendo wa saa mbili kasorobo kutoka kila mahali ambapo familia ile ilikuwa na shughuli. Biashara ilikuwa imekatazwa, kwa hiyo mkewe fundi akairudisha cherehani yake mjini, akakodi kona kwenye baraza la muuza sabuni, upande wa pili wa mashine ileile. Binti naye hakupata nafasi shule ya viungani hadi mwaka ujao, kwa hiyo aliondoka na mama yake alfajiri, akasoma shule yake ya zamani, kisha akamngoja mama yake barazani hadi jioni. Vumbi alilivuta mchana kutwa. Hewa safi aliivuta akiwa amelala.

Bibi alibaki peke yake kuanzia alfajiri hadi taa zinapowashwa. Wiki ya kwanza alikaa kitandani. Wiki ya pili aligonga ukuta mchana kutwa kwa fimbo, akitafuta ukuta wenye mtu. Fundi akaona hali hiyo haiwezekani.

"Mume wangu, niende naye. Nitamkalisha kwa muuza sabuni, jioni nirudi naye."

"Umpeleke mama yangu mtaani kila siku kama mtoto wa chekechea? Watu watasema tumeshindwa."

"Si tumeshindwa?"

"Tutazoea tu polepole," alisema karani, na akainamia simu yake.

Basi fundi akafunga kamba. Ilikuwa kamba nene ya nailoni, kutoka mlango wa jikoni, kupitia kwenye benchi, hadi getini, imekazwa usawa wa kiuno. Aliipiga mafundo: fundo moja mahali penye ngazi, mawili penye benchi, matatu getini. Bibi aliishika, akatembea, akakaa kwenye benchi, akasikia pikipiki moja ikipita barabarani na wapanda pikipiki wawili wakibishana. Alirudi ndani amechangamka, akaomba chai. Kwa siku tisa kamba ile ilikuwa kitu pekee cha maana katika nyumba namba kumi na nne.

Siku ya kumi, Jumapili, mwenyekiti alikuja na miguu yake. Karani alikurupuka kumpokea akiwa na kandambili, jambo lililomuuma kuliko yote yaliyofuata siku hiyo.

"Kamba za kuanikia nguo haziruhusiwi upande wa barabara," mwenyekiti alisema, akiitazama kamba kana kwamba imemtukana.

"Si ya nguo," alisema fundi. "Ni ya mama. Haoni. Ndiyo inayomfikisha hapa kwenye..."

"Bibie, leo kamba, kesho mashuka. Tumetoka huko."

Fundi alivuta pumzi ili amjibu sawasawa, maana majibu hakuyakosa. Lakini mumewe alikuwa amekwisha kupiga magoti, anafungua fundo la getini kwa meno.

"Imepokelewa, Mwenyekiti," alisema, uzi wa nailoni mdomoni.

Kesho yake asubuhi Bibi alitoka mlango wa jikoni akanyoosha mkono. Alipapasa hewa kushoto, akapapasa kulia. Kisha akasimama pale muda mrefu na mkono wake mbele, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kitu.

Jioni karani alimkalisha mama yake akamfundisha, kwa sababu naye alikuwa na moyo, japo mdogo. "Mama, ikitokea umetoka, ukapotea, usibabaike. Sema hivi: Mimi ni wa nyumba namba kumi na nne. Sema."

"Mimi ni wa nyumba namba kumi na nne."

"Tena."

Akasema tena, mama mzima, kama mwanafunzi aliyefeli.

*

Bibi alitoka Jumanne mchana. Ugoro ulikuwa umemwishia, lakini si ugoro uliomtoa. Alitaka kusikia mtu. Alifuata ukuta wa nje kwa kiganja na fimbo, kona ya kwanza, kona ya pili, akipapasa kila geti alilofikia na kuita, "Hodi wenyewe!" Kuta zote zilikuwa za urefu mmoja na ukimya mmoja. Kamera zilimwona vizuri sana. Nyumba namba kumi na saba walimpiga picha wakiwa nyuma ya pazia, wakaituma, na mwenyekiti akaamka kutoka kwenye kiti chake cha kulalia.

"Wakazi, tahadhari. Kuna mwanamke mzee asiyefahamika anapapasa mageti ya watu. Tazameni picha. Namwagiza mlinzi amtoe nje ya eneo letu mara moja. Mwenye pingamizi aseme sasa."

Saa hiyo karani alikuwa mezani kwake, muhuri mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Simu ikatetemeka. Aliona jina la mwenyekiti, akaona neno tahadhari, akaona kamraba keusi ambako ndani yake kulikuwa na picha ikingoja kufunguliwa. Hakuifungua. Kufungua picha kunachukua muda, na jirani wa namba kumi na sita, mshindani wake wa kujibu, alikuwa na vidole vyepesi sana.

"Imepokelewa, Mwenyekiti. Asante kwa ulinzi," aliandika, akawa wa kwanza.

Na kwa mara ya kwanza tangu ahamie viungani, chini ya maneno yake kikatokea kidole gumba cha Mkuu wa Idara. Karani alikitazama kidole hicho. Alimgeuzia simu mwenzake wa meza ya jirani.

"Unaona? Mkuu. Sisi huko ni majirani."

Mwenzake aliitazama, akasema "Hongera," na karani akaendelea kugonga barua kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.

*

Saa tisa alasiri pikipiki ilisimama mbele ya baraza la muuza sabuni. Dereva wake alikuwa mtu mzima mwenye mvi ndevuni, na nyuma yake, amemkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, kanga imejaa upepo, alikuwa Bibi.

"Nimemkuta barabara kuu, amesimama kandokando ya malori," dereva alisema. "Akaniambia, nipeleke kwenye mashine ya kusaga iliyo ubavuni kwa fundi vyuma. Nikamuuliza mtaa gani. Akasema, wewe nipeleke mjini, tukikaribia nitaisikia. Na kweli kaisikia, mimi bado."

Fundi aliacha mkasi kwenye kitambaa cha mteja. Alimshusha mkwe wake, akamkung'uta vumbi, akamtazama miguu: kandambili moja haikuwapo. Binti, ambaye alikuwa ametoka shule, alikwenda mbio kuleta maji. Muuza sabuni, bila kuuliza neno, alimtilia shoga yake ugoro kiganjani.

"Mama, nani amekutoa kule?"

Bibi alivuta ugoro kwanza. Kisha akaeleza, maneno machache, na fundi alipomaliza kusikia alichukua simu akampigia mumewe.

"Mama yuko hapa mtaani."

"Mtaani? Kafikaje? Nani kamruhusu..."

"Ifungue ile picha uliyoipokea."

Karani aliifungua. Picha ilikuwa safi, maana kamera za namba kumi na saba ni za bei. Mama yake alikuwa amesimama mbele ya geti la watu, kiganja kimebandikwa ukutani, kinywa wazi katikati ya hodi. Karani alikaa akiitazama kwa muda, na kwa muda huo, lazima isemwe, aliumia. Kisha akafanya kitu kimoja cha haraka: aliyafuta maneno yake. Hakujua kwamba simu huandika mahali pale, kwa kila mtu kusoma, kwamba ujumbe umefutwa.

*

Alifika mtaani saa kumi na moja, akapita uchochoro wa chooni ili asionekane. Baraza zima lilikuwa likimngoja upande huo huo, maana mtaa unawajua watu wake. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa. Fundi vyuma alikuwa ameweka nyundo chini. Bibi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, na Binti amesimama nyuma yake akikohoa kwa adabu, mkono mdomoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi, Mama."

"Mimi wa namba ngapi?"

Watu wa barazani walitazama chini. Karani alilegeza tai.

"Mama, twende nyumbani tukazungumze."

"Tuzungumze hapa, ninapomsikia kila mtu." Bibi aliifuta pua yake kwa ncha ya kanga. "Mlinzi alikuja, mtu mwenye heshima zake, akaniamkia. Akaniuliza mimi wa wapi. Nikamwambia kama ulivyonifundisha: mimi ni wa nyumba namba kumi na nne. Akasema, subiri Bibi, nitazame simu. Akatazama. Akasema, Bibi, usiniletee matatizo, namba kumi na nne ndio wa kwanza kujibu. Wanashukuru kwa ulinzi."

"Sikuifungua picha, Mama. Nakuapia, sikuiona."

"Hata mimi siioni," alisema Bibi. "Lakini mimi ni kipofu."

Hakuna aliyecheka, na mtaa ule hucheka hata msibani. Karani aligeuka kumtazama mkewe, labda apate kuokolewa. Mkewe alikuwa amerudi kwenye cherehani na anatunga uzi kwenye sindano.

"Mimi na Mama na mtoto tunalala hapa," alisema bila kuinua kichwa. "Muuza sabuni ana chumba cha nyuma. Chumba kimoja. Vumbi lipo, najua lipo, usinikumbushe. Kifua cha mtoto kitaniua mimi kabla yake. Lakini kule ulikotupeleka, mtu anaweza kupotea kwenye mlango wake mwenyewe."

Simu ya karani ikatetemeka. Aliitazama upesi kwa mazoea yake.

"Ni nani?" aliuliza Bibi.

"Si kitu. Mambo ya kule."

"Mjukuu wangu, nisomee."

Binti alichungulia begani kwa baba yake. Alisoma polepole, kama wanavyosomeshwa darasani: "Namba kumi na nne. Mlinzi anadai yule mwanamke alisema ni wa kwako. Naona pia umefuta ujumbe. Wakazi wanauliza. Je, unamfahamu?"

Wakazi wa kuta wote walikuwa mle ndani ya simu wakingoja, na Mkuu wa Idara pamoja nao, na kidole gumba chake.

"Basi mjibu," alisema Bibi. Sauti yake ilikuwa imelainika, na kila aliyekuwapo aliisikia ikilainika. Alikuwa mama, na alikuwa anamfungulia mwanawe mlango. "Ni neno moja tu, baba. Mimi sitasema tena habari ya leo. Andika, na unapoandika useme kwa sauti, nisikie."

Vidole vya karani vilianza kutembea juu ya kioo.

"Ndiyo, Mwenyekiti," alisema kwa sauti, huku akiandika. "Huyo ni mama yangu mzazi. Nakaa naye."

"Umetuma?"

"Nimetuma, Mama."

Bibi alitikisa kichwa chini juu, taratibu. Machozi yalimlengalenga kwenye macho yale yasiyofanya kazi nyingine. Muuza sabuni akasema "Alhamdulillahi," na fundi vyuma akaiokota nyundo yake ili aendelee na kazi. Jambo lingeishia hapo, na pengine lingekuwa jambo jema.

Lakini Binti alikuwa bado begani kwa baba yake. Alikuwa ameacha kukohoa. Bibi, ambaye kwa miaka sita aliishi kwa kusikiliza, alisikia kwamba kikohozi kimekatika.

"Mjukuu wangu. Kaandika hivyo?"

Binti alimtazama baba yake. Baba yake alimtazama kwa macho ya kuomba, macho ambayo mtoto hapaswi kuyaona kwa mzazi wake. Akamtazama mama yake, na mama yake akauondoa mguu kwenye cherehani.

"Nisomee, mwanangu. Neno kwa neno."

Binti akasoma. "Nitafuatilia suala hilo na kukujulisha, Mwenyekiti. Asante."

Bibi aliunyoosha mkono wake wa kulia, ule aliowahi kukataa kuuosha kwa siku mbili, akakigeuza kiganja juu, akakipapasa katikati kwa kidole cha mkono mwingine. Kisha akakifunga.

"Imepokelewa," alisema, akamwomba shoga yake amwingize ndani.